Fundi gani nimwachie bastola yangu?
Majibu kwa maswali ya wasomaji

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ninaishi Houston, Texas, nikiwa mkaazi wa kudumu. Nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha ambako wengi hutumia bastola za muundo wa 1911, nami ninataka yangu ya kipimo cha .45, iliyotengenezwa na fundi kwa ajili yangu, isiyokwama, kwa bajeti isiyozidi dola 1,500. Fundi mmoja mwenye jina kubwa ameniambia kwamba ningoje zaidi ya mwaka, na bei yake ni zaidi ya maradufu ya fedha nilizo nazo. Rafiki yangu amenielekeza kwa mtu anayefanya kazi katika gereji ya nyumba yake, ambaye anasema ataniundia bastola nzima kutoka kwenye fremu (kiunzi cha chini chenye kishikio) aliyo nayo kwa dola 1,200, yenye kifyatulio chepesi sana, na anataka nusu ya fedha kwanza. Je, nimwamini? Na fundi mzuri nitamtambuaje? (Msomaji, Houston)

JIBU: Ndugu msomaji, usimpe mtu huyo hata dola moja kabla hujamwomba akuonyeshe leseni yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya Marekani ya mwaka 1968, mtu anayefanya biashara ya kutengeneza silaha za watu wengine sharti awe na leseni ya shirikisho inayotolewa na ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, na yule anayeunda bastola nzima kwa vipuri vyake mwenyewe kisha akaiuza anahitaji leseni nyingine, ya mtengenezaji, tena anapaswa kuichapa fremu nambari ya utambulisho, kukujazisha fomu ya mnunuzi nambari 4473 na kukagua kumbukumbu zako za uhalifu kabla hujaondoka na mzigo wako. Hayo si makaratasi ya kupoteza muda. Wewe si raia bado, na ingawa sheria ya shirikisho inamruhusu mkaazi wa kudumu kumiliki bastola, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni miongoni mwa sababu zinazoweza kumfanya mtu asiye raia aondolewe nchini, hata kama ameishi humo miaka mingi na ana watoto waliozaliwa humo. Bastola iliyopita njia ya panya inaweza kukugharimu maisha yako yote ya ughaibuni.

Gereji yenyewe si hoja. Wapo mafundi wazuri sana wanaofanya kazi nyuma ya nyumba zao, wakiwa na leseni imetundikwa ukutani na daftari ambamo kila silaha inayolala kwao huandikwa siku iliyoingia na siku iliyotoka. Leseni huwa na nambari, na ATF ina ukurasa wa intaneti uitwao FFL eZ Check ambako nambari hiyo huhakikiwa. Fundi halali akiulizwa juu ya leseni yake hujibu bila kukunja uso, kwa sababu wateja wake wote wa maana wamekwisha kumwuliza.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana leseni haimfanyi mtu kuwa fundi.

Muundo wa 1911 ni kazi ya John Moses Browning, na jeshi la Marekani liliupokea rasmi tarehe 29 Machi 1911, baada ya majaribio ambamo bastola moja ilipigishwa risasi 6,000 bila kushindwa, ikitumbukizwa majini kila ilipopata moto kupita kiasi. Ilibaki kuwa bastola ya jeshi hilo mpaka mwaka 1985 ilipochukuliwa nafasi na bastola ya Beretta. Ninayataja haya kwa kuwa watu wengi huja kwa fundi wakiamini kwamba bastola hii ni ya kukwamakwama na kwamba bila maelfu ya dola haitengamai. Si kweli. Ilizaliwa ikiwa ya kutegemewa, na mara nyingi kinachoiharibu ni magazini mbovu (kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye kishikio), vipuri hafifu, na mikono ya watu wanaobana nafasi ambazo Browning aliziacha makusudi ili vumbi na masizi vipate pa kukaa.

Kwa hiyo jambo la kwanza unalopaswa kuamua, kabla hata ya kutafuta fundi, ni kama unataka bastola inayopiga tundu moja kwa umbali wa yadi 50 au bastola isiyokwama katika mashindano ya klabu. Zile za karakana mashuhuri, kama Wilson Combat ya Berryville, Arkansas, iliyoanzishwa mwaka 1977, hukupa yote mawili, na ndiyo sababu bei zake hupita dola 3,000: slaidi (sehemu ya juu inayoteleza nyuma na mbele), fremu na mtutu huoanishwa kwa mkono, kwa tupa na kwa saa nyingi za mtu aliyebobea. Mtu anayekuahidi kazi hiyo kwa dola 1,200, vipuri vikiwa ndani, ama anauza muda wake bure au hafanyi kazi anayoitaja. Mimi sijaona fundi hodari anayeuza muda wake bure.

Ningekuwa na dola 1,500 zako, nisingenunua bastola ya kuundwa upya kabisa. Ningenunua bastola nzuri ya kiwandani, mpya au iliyotumika kwa uangalifu, kwa bei isiyozidi dola 800. Ningetenga kama dola 400 za fundi. Na zilizobaki zote zingekwenda kwenye magazini bora na risasi za majaribio. Najua mgawo huu haupendezi, kwa sababu hauachi fedha za vishikio vya mti wa thamani wala nakshi za slaidi. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba unataka bastola isiyokwama, nami ninakujibu kwa hilo uliloandika.

Dola hizo 400 zinunue nini? Zianze na kichomoa ganda. Katika 1911, hiki ni kipande kirefu cha chuma cha springi kilichopachikwa ndani ya slaidi, na kazi yake ni kuishika risasi kwa ukingo wake tangu inapopanda kutoka kwenye magazini mpaka ganda tupu linaporushwa nje. Kikikaza kupita kiasi, risasi haipandi hadi juu. Kikilegea, ganda hubaki ndani au hudondoka popote. Hakina skrubu ya kukirekebisha. Fundi hukitoa, hukikunja kidogo sana, hukirudisha, kisha hukijaribu: slaidi ikiwa imetengwa na fremu na mtutu umeondolewa, huchomeka risasi bandia chini ya ukucha wake na kuitikisa slaidi taratibu. Risasi inatakiwa ibaki imeshikwa, na idondoke tu pale anapotikisa kwa nguvu. Kazi hii huchukua dakika chache kwa mtu anayeijua, lakini bastola nyingi nilizoziona zikilaumiwa kwa ukorofi zilikuwa na kasoro hiyo tu.

Baada ya hapo ni njia ya risasi. Mteremko wa kulishia, yaani ule ambao risasi huupanda kuingia kwenye mtutu, uko sehemu mbili, mmoja kwenye fremu na mwingine kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu, na kati yake, mtutu ukiwa umesukumwa nyuma kabisa, panatakiwa upenyo wa inchi 1/32 hivi, yaani pungufu kidogo ya milimita moja, ili risasi isijikwae kwenye ukingo wa mtutu. Mdomo huo wa mtutu unaweza kusafishwa na kufunguliwa kidogo. Mteremko wa fremu, kinyume chake, hauguswi ila kwa uangalifu mkubwa, na hapa ndipo mafundi wa kubahatisha wanapoharibu mali za watu: huchukua mashine ndogo ya kusagia, husugua mpaka chuma king'ae kama kioo, na katika kusugua huko hubadilisha pembe yake. Kipuri kingine chochote ukikiharibu utanunua kipya. Fremu ndiyo yenye nambari, na kisheria ndiyo bastola yenyewe. Kwa hiyo mwulize fundi unayemfikiria, kwa utulivu kabisa, anafanyaje mteremko wa kulishia. Akikujibu kwamba anaung'arisha tu mpaka uteleze, mshukuru na uondoke. Akikueleza habari za pembe na upenyo, na kwamba kwanza atakagua kama pana haja ya kugusa chochote, kaa umsikilize zaidi.

Sasa kifyatulio chepesi. Hapa sina budi kuwa mkali, maana ni suala la usalama wa wenzako klabuni. Nyundo ikiwa imesimama, huzuiwa na kipande kidogo cha chuma kinachonasa kwenye pengo lake, na nyuso mbili hizo zinazogusana ni nyembamba kuliko unavyodhani. Mtu akizipunguza ovyo ili kifyatulio kiwe chepesi, nyundo inaweza kuanguka yenyewe slaidi inapojifunga kwa kishindo, na bastola ikapiga mara mbili au zaidi pasipo wewe kutaka. Kwa matumizi yako kifyatulio cha uzito wa pauni 4 hadi 4 na nusu, kilicho safi na kisichokwaruza, kinatosha kabisa. Fundi anayetangulia kukusifia wepesi, kabla hajauliza bastola ni ya kazi gani, ameshakuonyesha vipaumbele vyake.

Umeuliza fundi mzuri atambuliwe kwa dalili gani. Kwanza kwa maswali yake. Atataka kujua unapiga risasi za aina gani, mara ngapi kwa mwezi, mashindano gani, una magazini za kampuni gani, na bajeti yako inaishia wapi. Akishajua, huenda akakushauri ufanye machache kuliko uliyoomba. Kama unakusudia kushindana katika kundi la Single Stack la USPSA au katika mashindano ya IDPA, ambavyo ni vyama vya mashindano ya kulenga shabaha, anapaswa pia kukutahadharisha kuhusu marekebisho ambayo kanuni za kundi hilo haziyakubali.

Pili, kwa wateja wake, lakini usimwulize aliyepokea bastola wiki iliyopita. Huyo bado yumo katika furaha ya arusi. Mtafute aliyepiga maelfu ya risasi kwa bastola ya fundi huyo na aliyewahi kuirudisha kwake kwa tatizo, ukaulize alipokelewaje. Namna fundi anavyopokea lawama hukueleza zaidi ya picha zote za kazi zake.

Wengi huuliza pia habari za vyeti. Zipo shule za heshima za ufundi huu, kama Lassen ya Susanville, California, Trinidad State ya Colorado na Yavapai ya Prescott, Arizona, na kijana aliyehitimu huko amefundishwa tupa, tanuri na mashine kwa mpango mzuri. Hata hivyo bastola ya 1911 ni somo lake lenyewe, na fundi wa bunduki za kuwindia, hata awe bingwa, si lazima awe bingwa wa kichomoa ganda. Kwa mtu mwenye fedha kidogo, mahali pazuri pa kutazama ni kwa yule aliyefanya kazi miaka kadhaa ndani ya karakana kubwa kisha akafungua yake ndogo: mkono wake umekwisha kuzoea, lakini bado hana foleni ya mwaka.

Kuhusu fedha na maandishi, taka karatasi inayotaja kila kazi, kila kipuri na mtengenezaji wake, bei, muda unaokadiriwa, na nani anabeba gharama bastola isipofanya kazi. Vipuri vya zamani vinavyotolewa viombe urudishiwe, kwa kuwa ni mali yako na ni ushahidi kwamba kweli vimebadilishwa. Arbuni si kosa, na kwa vipuri vinavyoagizwa ni haki yake. Lakini arbuni ya nusu kwa kazi ya mtu usiyemjua, bila maandishi, ni kumkopesha mtu bila dhamana. Rangi na mipako ya chuma iwe ya mwisho kabisa, baada ya bastola kupigwa na kuthibitika, kwani marekebisho yoyote ya baadaye yatakwaruza kazi hiyo na utalipa mara ya pili.

Mwulize pia kama huipiga mwenyewe kabla ya kukurudishia, na risasi ngapi. Fundi asiyepiga bastola aliyoitengeneza amekuachia wewe nusu ya kazi.

Siku ya kuichukua, usione haya kuikagua mbele yake. Toa magazini, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, elekeza mtutu mahali salama. Simamisha nyundo, weka kufuli ya kidole gumba, kisha vuta kifyatulio kwa nguvu na uachie. Ondoa kufuli: nyundo isitikisike. Halafu sogeza sikio na uivute nyundo nyuma polepole kidogo tu; ukisikia mlio mdogo wa chuma kutulia, maana yake kile kinasa nyundo kilisogea wakati kufuli ilipaswa kukizuia, nayo bastola hiyo haiendi nyumbani. Isimamishe tena nyundo, ishike bila kubonyeza kufuli ya nyuma ya kishikio, uvute: nyundo isianguke. Fundi mwema atasimama karibu nawe akitazama, na baadhi yao watakuongoza wao wenyewe.

Kisha nenda kiwanjani na risasi zisizopungua 200 za aina utakayotumia, na magazini zako zote zikiwa zimeandikwa nambari ubavuni. Kila kukwama kuandike: magazini nambari ngapi, risasi ya ngapi, ganda lilibaki wapi. Kama matatizo yote ni ya magazini nambari 3, itupe, kwani fundi hana kosa. Kama yanatokea kwa zote, mrudishie pamoja na daftari lako, na utaona jinsi anavyofurahi kupata mteja aliyemletea habari kamili badala ya malalamiko.

SWALI: Nina bastola ya 1911 ya Rock Island niliyoinunua kwa bei nafuu. Fundi mmoja amekataa kuigusa, akisema haistahili. Je, ni kweli haifai kufanyiwa kazi? (Msomaji, Dallas)

JIBU: Bastola za Rock Island hutengenezwa na kampuni ya Armscor, Marikina, nchini Ufilipino, na wapo washindani wengi wanaozitumia bila shida. Fundi ana haki ya kukataa, hasa anayeweka jina lake kwenye kila kazi. Lakini kukataa kwake si hukumu juu ya bastola yako. Ipige kwanza kama ilivyo. Kama haikwami, usimpelekee mtu yeyote kitu kinachofanya kazi. Kama inakwama, jaribu magazini mbili nzuri za kampuni nyingine na springi mpya kabla ya kutafuta fundi, na ukimpata, mwombe kichomoa ganda na ukaguzi wa usalama peke yake. Kuweka dola 900 za kazi juu ya bastola ya dola 500 ni uamuzi wako, ila siku ya kuiuza mnunuzi atalipa thamani ya ile ya dola 500.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi kwa viza ya masomo. Wenzangu wanasema naweza kununua bastola, au angalau kukodi kiwanjani. Ni kweli? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Kwa kawaida, hapana. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki au kushika silaha ya moto, na kuikodi kiwanjani kwa nusu saa nako huhesabiwa kuwa ni kuishika. Ipo misamaha michache, ukiwemo wa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, lakini usijitegemeze kwenye maelezo ya wenzako wala kwenye haya yangu; mwone mwanasheria wa uhamiaji kwanza, kwa kuwa masomo yako yote yamo hatarini.

SWALI: Fundi ninayemtaka yuko jimbo jingine. Je, naweza kumtumia bastola yangu, au ni lazima nisafiri nayo? (Msomaji, Columbus, Ohio)

JIBU: Sheria ya shirikisho inakuruhusu kumtumia fundi mwenye leseni katika jimbo lolote kwa ajili ya matengenezo, naye anaruhusiwa kukurudishia bastola ileile moja kwa moja nyumbani kwako bila kukujazisha fomu upya. Ugumu uko kwa wasafirishaji. Kampuni kubwa za vifurushi zimebana masharti mno kwa watu wasio na leseni, kwa hiyo njia nyepesi ni kumwendea muuza silaha mwenye leseni hapo Columbus, umlipe ada ndogo, naye aitume kwa akaunti yake. Kusiwe na risasi hata moja ndani ya kifurushi.

Kuna jambo jingine litakalokuokolea fedha. Katika 1911 ni fremu tu inayohesabiwa kisheria kuwa silaha. Slaidi, mtutu na vilivyomo ndani yake ni vipuri. Kama kazi unayoitaka ni ya kichomoa ganda, vilengeo, au tundu la kutolea maganda, mwulize fundi kama slaidi na mtutu pekee vinamtosha, ubakize fremu kabatini mwako na utume vilivyosalia kama kifurushi cha kawaida chenye bima. Kazi ya kifyatulio, kufuli au njia ya risasi haiwezekani hivyo, maana hapo anahitaji kuiona bastola ikiwa nzima na kuipiga, nawe utalazimika kupitia kwa yule muuza silaha.